Kupanda ngazi za ngome ya Palamidi, Nafplio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wetu wanaozungumza Kiswahili wanaosoma, kufanya kazi au kutembea Ugiriki, na ambao siku moja hujikuta wamesimama Nafplio wakiutazama mlima ule wenye kuta. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, nimekuelekeza kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Palamidi ni nini, na iko wapi?

Ni ngome ya mawe juu ya kilima chenye kimo cha mita 216 kutoka usawa wa bahari, kinachouinamia mji wa Nafplio, upande wa mashariki wa rasi ya Peloponnese nchini Ugiriki. Anayeijua Nairobi apige picha ya jengo la KICC, lenye mita 105, kisha aweke jingine juu yake. Hicho ndicho kimo kinachokungoja.

Ilijengwa na Waveneti, yaani watu wa Jamhuri ya Venice, kati ya 1711 na 1714. Ndani ya ukuta wa nje mna buruji nane, na kila buruji ni ngome kamili yenye kuta zake na nafasi zake za mizinga. Wazo lilikuwa kwamba adui akiteka moja, zilizobaki ziendelee kupigana. Ukishalielewa hilo, mpangilio wa kule juu, ambao mwanzoni unachanganya, unaanza kusomeka.

Ngazi ni 999 kweli?

Ndivyo kila mtu mjini atakavyokwambia. Hadithi yao ni kwamba zilikuwa 1,000, na ya mwisho ikavunjwa na kwato za farasi wa Theodoros Kolokotronis, jemadari wa vita vya uhuru wa Wagiriki.

Waliozihesabu hupata pungufu. Hesabu zinazotajwa sana ni 857 na 913, na tofauti inatokana na mahali unapoanzia na unapoishia: wengine huacha kuhesabu langoni, wengine huendelea na ngazi za ndani. Zihesabu mwenyewe ukipenda. Watoto hasa hufurahia, na huwasaidia kusahau miguu.

Kupanda huchukua muda gani?

Mtu mwenye afya ya kawaida, anayepumzika kidogo njiani, hutumia nusu saa hivi. Vijana wenye pumzi hutumia dakika 20, na anayekwenda taratibu akitazama bahari atafika kwa dakika 45. Kushuka ni haraka zaidi, ila magoti yana maoni tofauti (tazama swali la magoti).

Muda unaohitaji kuupanga kwa makini ni ule wa juu. Tenga saa mbili kwa ngome yenyewe. Wengi hufika wakihema, wakapiga picha kwenye buruji ya kwanza, wakageuka. Hao wamelipa jasho lote na kuacha sehemu kubwa ya walichokijia.

Lazima nipande kwa miguu?

Hapana. Ipo barabara ya lami inayozunguka nyuma ya kilima, kama kilomita 3 kutoka mjini, inayofika kwenye lango la juu lenye maegesho. Teksi za mjini huenda huko kila siku.

Hata hivyo, kama mwili unaruhusu, panda kwa miguu. Anayeshuka kwenye teksi anakuta lango na kuta, basi. Anayepanda anaiona ngome ikimkaribia kipande kwa kipande, na anaelewa kwa mapafu yake kwa nini askari aliyekuwa juu alikuwa na raha kuliko aliyekuwa chini. Ukitaka kugawanya mzigo, panda kwa ngazi na shuka kwa teksi, hasa kama una matatizo ya magoti.

Ni ngumu kiasi gani?

Huhitaji kamba, vifaa wala ujuzi wa kupanda milima. Ni ngazi tupu kutoka chini hadi juu. Ugumu ni mmoja: haziachii. Hakuna sehemu ndefu ya tambarare ya kupumzisha mapaja, kwa hiyo mtu anayeanza kwa kasi huishiwa nguvu kabla ya nusu. Anza polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wako ni sawa.

## Kabla ya kwenda

Niende saa ngapi?

Asubuhi na mapema. Ngazi ziko upande wa kilima unaotazama mji, yaani magharibi, kwa hiyo asubuhi kilima chenyewe kinazikinga na jua. Kwa kawaida milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na ukianza kupanda muda mfupi kabla ya hapo utafika juu kivuli kikiwa bado kipo. Kuanzia adhuhuri jua linahamia upande wako, mawe yanashika moto, na safari ileile inakuwa kitu kingine kabisa.

Jioni mwanga ni mzuri, lakini angalia saa za kufunga kabla hujapanda. Majira ya baridi ngome hufungwa mapema, na langoni huacha kuingiza watu muda kidogo kabla ya saa rasmi. Ratiba hutolewa na wizara ya utamaduni ya Ugiriki na hubadilika kwa msimu, basi ithibitishe siku moja kabla.

Miezi gani ni mizuri?

Aprili, Mei, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Aprili na Mei kilima kina maua ya porini, na katika uwanda wa Argos michungwa hutoa maua yenye harufu inayokufuata hadi mjini. Julai na Agosti joto huvuka nyuzi 35 mara kwa mara. Ukilazimika kwenda wakati huo, soma pia swali la ngome kufungwa kwa sababu ya joto. Desemba hadi Februari kuna utulivu na anga safi, ila mvua huja, na mawe yaliyolowa si ya kufanyia mzaha.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vya raba vyenye soli inayokamata. Kandambili ziache hotelini. Mawe ya ngazi hizi yamesuguliwa na nyayo kwa miaka mingi, na katikati ya vidato vingi utaona mahali palipobonyea na kung'aa kama sabuni iliyotumika. Hapo ndipo soli laini huteleza, hasa wakati wa kushuka.

Maji: lita moja kwa kila mtu ni kiwango cha chini, lita moja na nusu wakati wa joto. Nunua chini, usitegemee kupata njiani. Kofia au mtandio, na miwani ya jua. Mwanga ukigonga kuta zile unarudi usoni. Chukua tochi ndogo au hakikisha simu ina chaji, maana vyumba vya gereza ni giza.

Kiingilio kikoje?

Kupanda ngazi ni bure. Tiketi hukatwa langoni kwa ajili ya kuingia ngomeni. Bei imekuwa ikipanda miaka ya karibuni, kwa hiyo sitaiandika hapa ikakupotosha. Maeneo ya kale ya serikali nchini Ugiriki huwa na siku za kuingia bure: 6 Machi, 18 Aprili, 18 Mei, wikiendi ya mwisho ya Septemba, 28 Oktoba, na baadhi ya Jumapili kuanzia Novemba hadi Machi. Siku hizo watu ni wengi, lakini kwa familia ya watu watano tofauti ya pesa ni kubwa. Wanafunzi wabebe kitambulisho, kwani kuna punguzo kwa baadhi yao.

Nafikaje Nafplio kutoka Athens?

Mabasi ya mkoa wa Argolida huondoka kituo cha Kifissos. Safari ni kama kilomita 140, na huchukua saa mbili hadi mbili na nusu. Njiani unavuka mfereji wa Korintho, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa nyaraka za Paulo. Kaa dirishani, maana mfereji unaonekana kwa sekunde chache tu. Kwa gari binafsi barabara ni nzuri na ina vituo vya tozo. Treni za abiria hazifiki Nafplio.

Ukiondoka Athens na basi la kwanza utafika jua likiwa limeshapanda. Kwa sababu hiyo nawashauri watu walale Nafplio usiku mmoja, waone ngome ikiwa imewashwa taa juu ya mji, na wapande kesho yake asubuhi na mapema.

Nahitaji viza gani?

Ugiriki iko ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen kwa ziara fupi, isiyozidi siku 90 katika kipindi cha siku 180. Kama tayari unaishi nchi ya Schengen na una kibali halali cha ukaazi, huhitaji viza nyingine. Anayeishi Uingereza asijichanganye: kibali cha Uingereza hakikuingizi Ugiriki.

## Njiani

Ngazi zinaanzia wapi?

Ukingoni mwa mji mkongwe, mwanzoni mwa mlima, kwenye mtaa wa Polyzoidou. Uliza mtu yeyote "Palamidi?" ukionesha ngazi kwa vidole viwili vinavyopanda hewani, atakuelekeza. Lishike jina la mtaa huo, utalikuta tena kwenye swali la Kolokotronis.

Ngazi zenyewe zikoje?

Zinapanda kwa kupinda kushoto na kulia, zikiushika mwamba. Vipande vingine vina ukuta mfupi upande wa bonde, na mahali pengine unapita chini ya matao ya mawe yanayokupa kivuli kwa hatua chache. Vidato havilingani: kimoja ni kifupi, kinachofuata kinakufikia karibu na goti. Kwa hiyo macho yako miguuni wakati wa kutembea, na ukitaka kutazama bahari, simama kwanza. Pembeni kuna mimea mikubwa ya dungusi kakati, na miiba yake ni midogo kiasi kwamba huiona hadi iwe kidoleni. Usijishikize hapo.

Kila kona inafungua mandhari zaidi. Kwanza mapaa mekundu ya vigae, kisha kilima cha Akronafplia chenye kuta za kale zaidi, kisha kijisiwa cha Bourtzi katikati ya bandari, na hatimaye ghuba yote pamoja na uwanda wa Argos.

Naogopa kimo. Nitaweza?

Wengi wenye hofu hiyo wanaweza, wakipanda upande wa ukutani na wakiepuka kugeuka nyuma kwenye kona zilizo wazi. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, kwa sababu macho yanatazama mwamba. Hofu ikiwa ya kukufanya ugande, tumia barabara ya nyuma. Na juu pia kuwa mwangalifu: kuna kuta zisizo na vizuizi na mashimo ya zamani yaliyo wazi. Mwambie mwenzako mapema ili asikusukume ukingoni kwa ajili ya picha.

Nikichoka katikati?

Kaa. Achia njia upande mmoja, kunywa maji kidogokidogo, subiri moyo utulie. Hakuna aibu yoyote kurudi kutoka nusu, na mandhari ya nusu ya njia tayari ni mazuri mno. Kizunguzungu, kichefuchefu, au jasho kukauka ghafla wakati wa joto ni dalili za kushuka na kutafuta kivuli mara moja. Namba ya dharura ni 112, na hupigwa bure kutoka simu yoyote.

## Juu ngomeni

Nianze wapi nikishaingia?

Kwenye buruji ya Mtakatifu Andrea. Ndiyo iliyokuwa makao ya kamanda na iliyohifadhika vizuri kuliko zote, ina kanisa dogo la mtakatifu huyo, na paa lake ndilo kibaraza cha picha zote unazoziona za Nafplio. Kisha nenda Miltiades, iliyokuwa gereza (tazama swali lake), halafu songa mbele hadi Achilles, ambako historia ya 1822 ilitokea. Ukibakiwa na nguvu, zunguka zilizosalia: Leonidas, Themistocles, Epaminondas, Phocion na Robert.

Majina haya si ya Waveneti. Wagiriki walizipa buruji majina ya mashujaa wao wa kale baada ya kujikomboa. Ukiacha lile la Mtakatifu Andrea, Robert peke yake si la zamani hizo: ni jina la Mfaransa aliyekuja kupigana upande wao na kufa Athens mwaka 1827. Na Palamidi yenyewe inatokana na Palamedes, mtu wa visa vya kale vya Kigiriki, mwana wa Nauplios ambaye jina lake liko kwenye jina la mji.

Huko mbali na lango watu hupungua ghafla. Majani yamekua kati ya mawe, unasikia upepo, na unaweza kukaa kwenye tundu la mzinga ukatazama bahari kama alivyotazama mlinzi wa zamu. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo safari inapolipa.

Yule simba mwenye mabawa juu ya malango ni nani?

Ni simba wa Mtakatifu Marko, alama ya Venice. Waveneti waliichonga kila walikotawala baharini. Simama karibu uone jinsi manyoya ya bawa yalivyochongwa moja moja kwenye jiwe.

Ngome yote hii ilijengwa kwa nini?

Kwa sababu ya somo ambalo Waveneti wenyewe walilitoa. Mwaka 1686 jemadari wao Francesco Morosini aliichukua Nafplio kutoka kwa Waturuki, na silaha yake kubwa ilikuwa kilima hiki: wakati huo kilikuwa hakina ngome, akapandisha mizinga juu yake na kuupiga mji ulio chini. Mji ukasalimu amri. Baada ya hapo mshindi alijua kwamba anayeshika Palamidi ndiye anayeshika Nafplio, na kilima kisingeweza kuachwa wazi tena.

Ni kweli ilitekwa mwaka mmoja tu baada ya kukamilika?

Kweli. Ujenzi ulikwisha 1714. Julai 1715 jeshi la Dola ya Osmania, yaani la Waturuki, lilifika, likauzingira mji, na baada ya kama siku nane hivi mji na ngome vyote vikawa mikononi mwake. Waturuki walichimba chini ya kuta na kulipua baruti, kisha wakavamia kwa miguu. Kuta zilikuwa mpya na imara, lakini walinzi walikuwa wachache mno kwa ngome kubwa namna ile. Ukizunguka buruji zote nane utaelewa mwenyewe: fikiria ni watu wangapi wanahitajika kusimama kila tundu, usiku na mchana.

Wagiriki waliipataje 1822?

Kwa njaa na kwa usiku wa mvua. Vita vya uhuru vilianza 1821, na Nafplio ikazingirwa kwa miezi mingi. Chakula kilikwisha. Mwishoni mwa Novemba 1822 askari wengi wa Kituruki waliokuwa Palamidi walishuka mjini, wakaacha wachache juu. Habari zikawafikia Wagiriki.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Staikos Staikopoulos akiwa na watu kama 350 alikuja kimya upande wa buruji ya Achilles. Wakaweka ngazi ya mbao ukutani na kuingia. Kulipokucha ngome ilikuwa yao, na mji uliokuwa chini ya mizinga yake haukuwa na la kufanya. Mtaa wa mikahawa utakaopita jioni kutafuta chakula, Staikopoulou, umepewa jina lake.

Sasa simama kwenye buruji ya Achilles, chungulia nje, ufikirie kupanda pale gizani, mawe yakiwa yamelowa, huku ukijua kikohozi kimoja kinatosha kukuua.

Kolokotronis alifungwa humu kweli, na nani alimfunga?

Alifungwa na serikali ya nchi aliyoikomboa. Hilo ndilo linalowauma Wagiriki mpaka leo.

Baada ya uhuru Nafplio ikawa mji mkuu. Mkuu wa kwanza wa nchi, Ioannis Kapodistrias, aliuawa hapo mjini 1831, mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Spyridon. Kisha mataifa makubwa yakaleta mfalme kijana kutoka Bavaria, Otto, na kwa kuwa umri wake ulikuwa mdogo, nchi ikaendeshwa na wasimamizi wa Kibavaria. Kolokotronis aliwapinga. Wakamkamata, na 1834 akashitakiwa kwa uhaini.

Mahakama ilikuwa na majaji watano. Wawili, Anastasios Polyzoidis na Georgios Tertsetis, walikataa kutia sahihi hukumu ya kifo kwa sababu ushahidi haukuwepo. Waliburutwa na askari kurudi vitini ili hukumu isomwe mbele yao, na baadaye wao wenyewe wakashitakiwa, kisha wakaachiwa. Mtaa wa Polyzoidou unakoanzia ngazi ni kumbukumbu ya jaji huyo. Kwangu ni jambo zuri sana kwamba anayepanda kwenda kuona seli ya mfungwa lazima kwanza akanyage mtaa wa aliyekataa kumhukumu.

Kolokotronis hakuuawa. Adhabu ilipunguzwa, na 1835 mfalme akamsamehe. Ngomeni huoneshwa chumba kinachosemwa kuwa kilikuwa chake: mlango ni mfupi kiasi cha kukulazimisha uiname sana, na ndani ni mwamba, baridi na giza. Mwenye hofu ya mahali pafinyu asiingie.

Na gereza la kawaida?

Kuanzia miaka ya 1840 hadi 1926 buruji ya Miltiades ilitumika kuwafungia wahalifu, wakiwemo waliohukumiwa kifo. Wauaji rasmi wa serikali hawakuishi na raia, kwani watu walikuwa hawataki hata kuwaona. Ngome ya Bourtzi, ile ya kijisiwani, ilipoacha kazi ya kijeshi 1865 ndiyo ikawa makazi yao. Ukiwa Miltiades ukaitazama Bourtzi ikielea kule chini, nzuri kama pambo, unajua kwamba mfungwa naye aliitazama, na alijua nani anaishi humo.

Inafananaje na Fort Jesus ya Mombasa?

Swali hili huulizwa na karibu kila Mkenya, na lina msingi. Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Palamidi ilijengwa zaidi ya karne moja baadaye na Waveneti. Zote mbili zimetoka katika elimu ileile ya Kitaliano ya kujenga buruji zenye pembe, ili mizinga ya buruji moja iilinde kuta za jirani yake na adui asipate pa kujibanza. Aliyewahi kusimama kwenye kona za Fort Jesus atazitambua pembe za Palamidi.

Zote mbili pia ziliishia kuwa magereza. Ile ya Mombasa ilitumiwa hivyo na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Lakini angalia tofauti hii: Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 na haikuanguka hadi Desemba 1698, wakati Palamidi, kubwa na ya kisasa zaidi, ilikwisha kwa siku nane hivi. Uimara wa ukuta si jawabu peke yake (tazama swali la 1715).

## Hali maalumu

Magoti yangu si mazuri. Nifanyeje?

Hatari yako ni kushuka. Panda kwa ngazi, shuka kwa barabara ya nyuma kwa teksi. Chukua namba ya dereva mjini kabla ya kupanda, kwa sababu teksi haziegeshi juu muda wote. Ukilazimika kushuka ngazi, tumia fimbo, shuka kwa upande kwenye vidato virefu, na usiruke.

Naweza kwenda na watoto au wazee?

Watoto wa miaka sita na kuendelea hupanda vizuri kuliko wazazi wao, lakini kule juu washikwe mkono. Hilo halina mjadala, kwa sababu ya kuta zisizo na vizuizi nilizozitaja kwenye swali la hofu ya kimo. Mtoto mchanga abebwe kwa kanga au mbeleko mgongoni. Kigari cha mtoto hakifai kabisa. Wazee wapelekwe kwa gari. Hata huko ndani kuna ngazi na mawe yaliyoinuka, basi mama au babu apate mkono wa kushika, na apate kuketi mahali penye bahari mbele yake wakati nyinyi mnazunguka.

Mtu wa kiti cha magurudumu?

Ngazi haziwezekani, na ndani ya ngome njia ni za mawe yasiyo sawa. Kwa gari atafika lango la juu na kupata mandhari ya ghuba, lakini buruji nyingi hazitafikika. Ni afadhali ajue hilo kabla ya kukata tiketi.

Niko kwenye saumu. Nipande?

Ukiwa umefunga, usipande mchana wa joto bila maji. Panda mara tu milango inapofunguliwa, mwili ukiwa bado na daku, na ushuke kwa teksi. Au tembelea kwa gari jioni, urudi mjini kwa futari.

Mvua ikinikuta juu?

Ngoja. Vyumba vyenye matao ndani ya buruji vitakukinga. Usikimbilie kushuka, kwani mawe yaliyong'aa yakilowa ni hatari kuliko mvua yenyewe. Mvua ya radi ikiendelea, toka kwa lango la juu na uite teksi.

Nimesikia ngome hufungwa kwa sababu ya joto. Ni kweli?

Ndiyo. Wakati wa mawimbi ya joto kali wizara ya utamaduni huamuru maeneo ya kale yafungwe saa za mchana, na tangazo hutoka siku ileile au jana yake. Asubuhi mapema kwa kawaida bado kuna nafasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kufuata ushauri wa swali la saa.

Naruhusiwa kurusha droni?

Bila kibali cha mamlaka, hapana. Maeneo yote ya kale nchini humo yana katazo hilo. Kamera ya kawaida na simu hazina shida.

Naweza kupanda ngazi usiku, ngome ikiwa imefungwa?

Usipande. Taa zinamulika kuta za ngome, na ngazi nyingi zinabaki kwenye kivuli chake. Vidato visivyolingana nilivyovieleza hapo juu havionekani. Ukitaka ngome ya usiku, itazame kutoka ufukoni mwa bandari, Bourtzi ikiwa upande mmoja na Palamidi upande wa pili. Kisha kalale mapema, saa moja na nusu asubuhi uwe chini ya ngazi.